Leland Hruska na Pakiti Tatu za Kwenye Droo

Leland Hruska alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Lorain, Ohio, mtoto wa pekee wa Bwana Emil na Bibi Agnes Hruska. Mama yake alisimulia kwamba tangu utotoni hakunywa maziwa kabla ya kuyanusa.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari ya mjini, akahitimu Juni 1966. Dawati moja alikaa na Orville Tackett. Walibadilishana kadi za besiboli, zenye picha za wachezaji, na Leland aliigeuza kadi ya mwenzake mara tatu ndipo akatoa ya kwake.

Kuanzia Septemba 1966 hadi Machi 2009 alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mabomba ya chuma, akipima unene wa kuta zake. Kipimo chake kilikaa mfukoni hata kanisani.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na Verna Szabo, Orville akiwa msimamizi wake. Walijaliwa binti mmoja, Janelle.

Orville alipofungua duka la kadi mwaka 1989, Leland alinunua hapo kila Jumamosi pakiti zake za kadi, zilizofungwa zisionekane za ndani. Asubuhi ya tarehe 14 Juni 2008 aliingia akamkuta rafiki yake anaziminya pakiti moja moja kwa vidole, na zile nene tatu anazitia kwenye droo. Kadi yenye kipande cha jezi ya mchezaji huwa nene, nayo ndiyo kila mnunuzi anayoitafuta.

"Hizo unamwekea nani?"

Orville alibabaika. "Za mteja."

"Mteja gani, wewe? Mteja ni tumbo lako! Miaka yote hii unaniuzia makapi!"

Hakukanyaga tena pale. Wiki hiyohiyo Orville alimfuata Verna. "Shemeji, zilikuwa zake, zawadi ya kutimiza sitini niliyochelewa kumpa. Mpe wewe, mimi hatanisikia." Tangu hapo Orville alimletea Verna pakiti moja kila Krismasi, akianza na zile tatu, naye akaiweka kando ya sahani ya mumewe.

Leland alihamia maduka makubwa, na huko nako hakumwamini mtu. Alishuku kwamba kila pakiti ya rafuni imekwisha kuminywa na wakusanyaji wenzake, akazipima palepale kwa kipimo chake.

"Mzee, unafanya nini?" mlinzi akauliza.

"Natafuta wezi."

Alitolewa nje. Pakiti nene alizobahatika kupata zilikuwa na kipande cha kadibodi tupu, kilichotiwa na watengenezaji ili kuwakomoa wenye vidole kama vyake. Aliwaandikia barua ya malalamiko ya kurasa nne.

Ila ile ya Krismasi ilikuwa na jezi kila mwaka.

"Umeinunua wapi?"

"Duka kubwa, karibu na maziwa."

"Unaona? Duka kubwa halina hila."

Verna akamwondolea sahani. Aliogopa jambo moja tu, mumewe asije akafa bila kusemezana na Orville.

Februari 2022 Leland aliugua mapafu. Verna alimsihi mara mbili amwite rafiki yake.

"Aje kufanya nini? Kuniminya aone kama nimenenepa?"

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Verna. Orville hakuwa ameitwa.

Jumamosi, Verna na Janelle walifungua kopo lake la biskuti kutafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi. Walikuta karatasi za pakiti za Krismasi, zote kumi na tano, zimenyooshwa na kuandikwa tarehe. Verna hakujua kwamba pakiti za duka la kadi zina chapa ya pekee pembeni, ambayo zile za duka kubwa hazina. Leland aliizungushia kila chapa wino mwekundu, kuanzia ile ya kwanza ya mwaka 2008. Juu ya ile ya mwisho aliandika: "Orville abebe jeneza. Akae mbele, nimwone."

Verna alicheka, akalia, kisha akapiga simu.

Marehemu ameacha mjane, Verna, binti, Janelle, mkwe, Curtis, wajukuu wawili, Tess na Emil, na rafiki yake Orville Tackett, ambaye leo ameshika jeneza mbele, upande wa kulia.

Mungu ampokee Leland, naye alale bila shaka yoyote.