Mwalimu Patricie Mukantwari na Darasa la Chini ya Mlima

Marehemu Mukantwari Patricie alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kadutu, Bukavu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gasana na Mama Kamikazi. Alisoma Bukavu hadi akapata diploma ya ualimu wa sayansi mwaka 1993. Miaka miwili baadaye familia ilivuka daraja la mpakani la Rusizi II kurudi nyumbani Rwanda, naye Januari 1996 akaanza kufundisha sekondari huko Nzahaha. Hakuhama hapo mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Tarehe 25 Julai 1998 alifunga ndoa na Hakizimana Vénuste, mkulima wa kahawa. Mungu aliwajalia Mucyo na Bella. Vénuste husema kwamba mkewe alifundisha hata mezani, na mgeni aliyesema joto la dunia linatoka kwenye tundu la ozoni chakula chake kilipoa mbele yake akisomeshwa.

"Haiko ile tundu njo inaleta joto!" aliwahi kumwambia hata padri, kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Ozoni ni mwavuli, inatukinga na miali yenye kuunguza ngozi na macho. Gesi za frigo za zamani njo zilitoboa. Bantu ba dunia yote bakapatana kuziacha, sasa inapona polepole. Joto ni maneno ingine. Gesi yenye kutoka ku mafuta, ku makaa na ku misitu tunachoma inafunika dunia sawa blanketi. Na ile, Padri, hatujaacha."

Watoto walimwelewa upesi. Waliomkera ni wakubwa waliotikisa kichwa kukubali, wakapiga makofi, wakaenda zao. Aliwaeleza kwamba hewa yenye joto hubeba maji mengi, kwa hiyo mvua zitakuja na kishindo, na darasa lililo chini ya mlima uliokatwa miti lihamishwe. Alijibiwa kila mara, "Tutaangalia, Mwalimu."

Aprili 2024 alichoka kuomba. Akawatoa wanafunzi wake, akawafundishia kwenye baraza la jengo lingine. Kwa hilo akapewa onyo. Kabla mwezi haujaisha mlima ulishuka asubuhi, saa za masomo, udongo ukajaa mle darasani hadi dirishani. Hapakuwa na mtoto ndani.

"Mungu ametulinda," alisema mkuu wa shule.

Patricie, matope yakiwa magotini, alimgeukia. "Mungu alituma mvua ya mwaka jana, ile iliyoangusha milima kwingine, kutuonya. Nani alisikia?" Kisha akalia mbele ya wanafunzi wake. "Sikutaka kushinda. Nilitaka munisikilize."

Oktoba mwaka huo figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Rusizi, kisha Kigali, akafariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025. Kila alipopata nguvu ya kuzungumza aliuliza kama darasa jipya limeanza kujengwa. Vénuste hakuweza kumdanganya: hata msingi ulikuwa haujachimbwa.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake Mirindi na Ingabire, na wanafunzi ambao hata leo hawana darasa.

Mungu ampe pumziko la amani, na sisi tuliobaki atunyime usingizi hadi darasa lijengwe.