Nasikiliza, Dada Yetu, na Jina la Mzee Funguo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu, ahsanteni kwa kuja. Maisha tunayoyasoma hapa nusu yake aliyaandika mwenyewe kwa penseli, akiwa kitandani, akatuachia sisi sehemu tulizozishuhudia. Alitupa sharti moja, kwamba tusimpambe. "Mkinipamba," alisema, "watu watajua mmeanza kudanganya, na mimi sitakuwepo kuwakatalia."

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na chumba cha mbele ndicho baba alichokifanya karakana. Wateja walikuja kupimwa suruali na makoti, na mtu akisimamishwa apimwe huwa hana la kufanya ila kusema. Walisema ya kazini, ya majumbani, ya wakubwa zao. Dada alikuwa chini ya meza akiokota pini na vifungo. Mama alizoea kumwambia baba, "Mtoto huyu unamlea kwa siri za watu, baba. Ipo siku atazirudisha kwa wenyewe."

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kuanzia 1968 hadi 1974. Darasa la tano alikuwa kiranja, na kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu asipokuwepo. Siku moja mwalimu wa hesabu alichelewa dakika ishirini, na alipofika alisimama mlangoni akizozana na mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani. Kisha akaingia, akadai orodha. Jina la kwanza lilikuwa lake.

"Umeniandika mimi?"

"Ndiyo, mwalimu. Ulipiga kelele pale mlangoni."

Mwalimu aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, na kesho yake darasa likawa na kiranja mwingine. Mama alipohadithiwa alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka alimtazama dada kwa muda mrefu, akasema, "Huyu atapata tabu." Hakuwa akitania.

Baada ya sekondari ya bweni, aliyoimaliza 1978, alisomea uandishi wa habari kwa miaka miwili. Mwezi Februari 1982 aliajiriwa gazetini kama msahihishaji wa prufu, kazi ya kukaa na rula juu ya mistari ya wengine. Miaka mitano baadaye alipewa dawati la habari za uchunguzi. Dawati lenyewe lilikuwa bovu mguu mmoja, limekaa kati ya choo na kabati la karatasi. Huko ndiko alikopata jina tulilomzoea wote. Simu ikilia hakusema halo wala hakujitaja. Alisema tu, "Nasikiliza," kisha akanyamaza, na watu wengi waliopiga kwa ajili ya kutukana walijikuta wanaeleza shida zao. Wenzake wakamwita hivyo, majirani wakafuata, na hata sisi nyumbani tukasahau kumwita vingine.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakuandika neno la mtu bila kumrudia na kumsomea, hata kama mtu huyo ndiye anayeshutumiwa. Ya pili, hakuchezea hati. Karatasi aliyoletewa ilitoka gazetini jinsi ilivyo, na mikunjo yake na madoa yake. Alificha tu jina la aliyemwamini. "Msomaji aione mwenyewe," alikuwa akisema. "Nikianza kusafisha, atajiuliza nimesafisha nini kingine." Kanuni hii ya pili ndiyo iliyomvunja moyo, na tutaieleza kwa sababu alitutaka tuieleze.

Tarehe 8 Desemba 1990 aliolewa na fundi umeme ambaye alikutana naye alipokuja kurekebisha taa za chumba cha habari. Shemeji yetu huyu, aliyekaa hapa mbele, amehadithia uchumba wao mara nyingi kiasi kwamba watoto wanaujua kwa moyo. "Nilimwambia nampenda," husema, "akaniuliza ni nani mwingine anayeweza kuthibitisha." Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Nyumba yao ilikuwa ya furaha, ila haikuwa ya amani siku zote. Simu zilikuja. Mwaka 2003, binti yao akiwa na miaka tisa, alimngoja mama yake mlangoni akiwa na daftari. "Mama, kuna baba amepiga. Amesema mimi na mdogo wangu tuna sura nzuri, na anajua shule yetu. Nimeandika saa." Marehemu alimpongeza kwa kuandika saa. Kisha aliingia jikoni, akafungua bomba, akasimama pale na maji yanatiririka hadi mumewe alipokuja kuyafunga.

Alifichua mengi, na gazeti limeyataja katika salamu zake za rambirambi. Gazeti halikutaja lililobaki rohoni mwake.

Mwezi Aprili 2006 mtu mmoja alimletea bahasha ya picha za eksirei. Ndani hapakuwa na picha. Palikuwa na nakala kumi na moja za rejista ya bohari ya dawa ya serikali. Zilionyesha kuwa dawa ya maji ya watoto, iliyokwisha muda wake, ilibandikwa lebo zenye tarehe mpya na kupelekwa zahanati. Aliyezileta alikuwa mtunza stoo wa bohari ile, mtu wa makamo, mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Funguo kwa sababu ya fungu la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Alisikika kabla hajaonekana. Siku ile alikuwa amezifunga kwa leso zisilie.

"Dada, nina ombi moja," alisema. "Jina langu lisitoke."

"Halitatoka, mzee wangu."

Habari ilitoka Jumanne tarehe 9 Mei, ikiwa na picha ya ukurasa mmoja wa rejista. Marehemu alikuwa ameziba sahihi, ameziba namba ya muhuri, ameziba hata mwandiko wa pembeni. Lakini mashine ya fotokopi ya bohari ilikuwa na mkwaruzo kwenye kioo, na kila nakala iliyotoka pale ilibeba mstari mwembamba mweusi upande wa kulia, kama unywele. Aliuona ule mstari. Aliuacha, kwa sababu ulikuwa sehemu ya karatasi.

Dawa ile iliondolewa zahanati zote ndani ya siku nne, na ni haki kusema kwamba wapo watoto wanaoishi leo kwa sababu hiyo. Lakini mnamo tarehe 17 watu wa usalama walizunguka jengo la bohari na gazeti mkononi, wakatoa nakala ya karatasi tupu katika kila mashine. Mashine ya tatu ikatoa unywele. Chumba cha mashine ile kilikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa kiunoni mwa Mzee Funguo. Kufikia mchana zilikuwa zimepatikana boksi nne za glavu katika kabati la Mzee Funguo, na hakuna aliyetaka kujua zimeingiaje. Akashtakiwa kwa wizi.

Marehemu alikwenda kwa mhariri wake kuomba nafasi ya kuandika ukweli. Mazungumzo yale aliyaandika siku hiyohiyo.

"Dada, mwenye gazeti amepigiwa simu," mhariri alimwambia. "Wizara imechukua kurasa nane za matangazo mwezi ujao. Gazeti linakula matangazo, unalijua hilo."

"Na wale watoto walikuwa wanakula nini?"

"Usinifanye mimi mtu mbaya. Habari imetoka, dawa zimeondolewa. Tumeshinda."

"Tumeshinda, na mtu yuko ndani."

 Mhariri alianza kupanga kalamu zake.

Basi akamwendea mwenyewe, rumande, tayari kusimama kizimbani na kusema kila kitu. Waliongea kupitia wavu, kila mtu akipiga kelele ili asikike na wake, isipokuwa wao wawili waliokuwa wakinong'ona.

"Ukisema mimi ndiye niliyekupa, kesi inageuka," Mzee Funguo alimwambia. "Si wizi tena, ni kutoa siri za serikali. Kwa hizi glavu wakili ananiambia mwaka, mwaka na nusu. Kwa lile jingine nitazeekea humu."

"Na jina lako je?"

"Jina litanisubiri nje." Kisha akasema, "Na mama watoto asijue. Asiyejua hawezi kuulizwa. Binti yangu mkubwa ndiyo kwanza ameajiriwa hospitali ya serikali, wataanza na yeye. Niahidi, dada."

Aliahidi.

Tarehe 23 Oktoba 2006 Mzee Funguo alihukumiwa miezi kumi na minane. Habari ya mistari minne ililetwa mezani kwa ajili ya ukurasa wa sita, na mhariri wa ukurasa ule hakuwepo siku hiyo. Zamu ilikuwa ya marehemu. Angeweza kumpa mwingine, lakini aliogopa ataulizwa kwa nini. Aliisoma, akasahihisha nukta moja, akaipitisha. Kichwa chake kilikuwa "Mwizi wa glavu jela". Yeye aliyewafichulia watu uongo kwa miaka ishirini alipitisha uongo ule kwa mkono wake, na hakuusamehe mkono huo.

Mzee Funguo alipunguziwa kifungo, akatoka mwishoni mwa 2007, lakini jina halikumsubiri. Aliomba kazi ya ulinzi, wakamcheka. Watoto wake waliitwa watoto wa glavu. Aliishia kupanga chupa tupu kwenye yadi ya vinywaji, na alifariki tarehe 3 Agosti 2015 bila kumweleza mkewe neno. Marehemu alikuwa akimtembelea mama yule kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akijitambulisha kama mtu aliyewahi kusaidiwa na mzee. Walimenya viazi pamoja, wakaongea habari za magoti na bei ya mkaa. Kila Jumamosi alikwenda akiwa amenuia kusema, na kila Jumamosi alirudi hajasema. Ahadi ilikuwa ya mtu aliyekufa, na hakujua ni nani wa kumfungulia.

Mwaka 2017 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alihesabu vizuri kuliko madaktari siku alizobakiza. Mwezi Juni mwaka huu, 2019, alitaka apelekwe kwa mama yule. Tulimshika mikono mimi mdogo wake na shemeji, tukamkalisha kwenye kochi, akasema yote, kuanzia kwenye bahasha hadi ukurasa wa sita.

 Mama alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kwa hiyo nilimnunia bure," alisema mwishowe. "Miaka minane. Nilikuwa namtengea chakula halafu natoka nje."

"Nisamehe, dada yangu. Kosa ni langu, ule mstari niliuona."

"Wewe nitakusamehe nikiweza. Leo siwezi." Alifuta tena. "Lakini usije ukaniambia mimi peke yangu humu ndani, halafu ukaondoka. Walimwita mwizi mbele ya watu. Umsafishe mbele ya watu."

"Na binti yako?"

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya uuguzi, ndiye aliyejibu. "Shangazi, mimi nimeitwa mtoto wa glavu tangu nina miaka ishirini na mbili. Andika."

Marehemu aliandika masahihisho, kama magazeti yanavyofanya yanapokosea, akayapeleka kwa gazeti lake mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: gazeti halisahihishi hukumu ya mahakama. Akayapeleka magazeti mengine mawili, na hayo hayakujibu. Mwezi Agosti alituita wanafamilia, akatukabidhi karatasi. "Sasa mimi nina watu watakaokuja kwa hakika siku moja," alisema, "na hawataondoka kabla ya kumaliza."

Alifariki Alhamisi tarehe 12 Septemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja, wadogo wawili, na wanahabari wengi aliowafundisha kuwarudia watu na kuwasomea walichowaandika. Mjane wa Mzee Funguo amekuja. Amekaa na wafiwa, kwa kutaka kwake. Hajatuambia kama amesamehe, na sisi hatukumuuliza.

Haya ndiyo maneno ya marehemu. Aliomba yasomwe polepole, na yachapwe katika ukurasa wa mbele wa ratiba hii.

*MASAHIHISHO. Katika toleo la gazeti letu la tarehe 24 Oktoba 2006, ukurasa wa sita, tuliandika kwamba mtunza stoo wa bohari ya dawa, anayejulikana kama Mzee Funguo, ni mwizi. Si kweli. Hakuiba kitu. Ndiye aliyetoa hati zilizookoa watoto wa nchi hii wasinyweshwe dawa mbovu, akafungwa kwa sababu ya uzembe wa mwandishi aliyezichapisha, ambaye ni mimi. Ninamwomba radhi yeye, mke wake na watoto wake. Kila aliyesoma habari ile anaombwa amweleze na mwenzake.*

Mungu awapumzishe wote wawili.