Mzee Nunow Bare Iftin (1958–2025): Twiga wa Laga Hidig na Haki ya Musembi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye tukificha anajua na tukisema anajua. Ndugu, majirani na wageni mliotoka mbali, asalaam aleikum. Karatasi hii inasomwa na Abdisamad Nunow, mtoto wa pili wa marehemu. Imeandikwa hivi kwa sababu marehemu aliagiza iandikwe hivi. Kama kuna mahali itawachoma, jueni imetuchoma sisi kwanza.

Mzee Nunow Bare Iftin alizaliwa mwaka wa 1958 penye Laga Hidig, kilomita kumi na tisa kutoka Modogashe, mtoto wa nne wa Bare Iftin na Ugbad Abshir. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vya wazee wengi wa rika lake. Mama yake alikuwa na tarehe yake mwenyewe: alisema alizaliwa siku mvua ya kwanza ya masika ilipozima moto kabla chai haijachemka, na kwamba ndiyo sababu mtoto huyo hakuwahi kutosheka na chai maisha yake yote.

Alisoma duksi, yaani chuo cha Kurani, akahifadhi juzuu kumi. Mwaka wa 1967 aliingia shule ya msingi Modogashe, akafika darasa la nne tu, maana ukame ulimaliza mbuzi wa baba yake na watoto wote wakaitwa nyumbani kusaidia. Lakini hati yake ilikuwa nzuri. Mpaka uzeeni, barua ya ofisi ikifika Laga Hidig, ililetwa kwake aisome.

Kazi yake ilikuwa ngamia na mbuzi. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuwinda. Alifundishwa kutega tanzi na adeer yake, ndugu wa baba yake. Hapa kwetu mwindaji hasifiwi. Mtu mwenye mifugo akila nyama ya porini huulizwa mifugo yake imeenda wapi. Marehemu alijua hivyo na hakujali. Angeweza kukaa asubuhi nzima akimtazama swala twiga akisimama kwa miguu miwili kula majani ya juu, halafu arudi nyumbani mikono mitupu, amefurahi.

Alikuwa na masharti yake, na aliyashika miaka arobaini. Hakugusa jike. Hakutega kwenye njia ya kwendea maji. Na hakula mnyama aliyekufa kabla kisu hakijamfikia. Ilibidi amkute hai, amlaze, amwelekeze kibla, aseme bismillahi, kisha akate mara moja, juu, chini ya taya. Waliowahi kuwinda naye wanasema ukiona shingo iliyokatwa na Nunow huhitaji kuuliza ni ya nani.

Tarehe 14 Septemba 1984 alimwoa Ardo Mowlid. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe alibeba paja la swala. Baba yake Ardo alilitazama, akamtazama yeye.

"Mimi nina mbuzi mia mbili," akasema. "Wewe unaniletea mnyama asiye na mwenyewe?"

"Mzee, hao mia mbili ulipewa na baba yako," marehemu akajibu. "Huyu nimemkimbiza mimi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Binti akatolewa. Walikaa katika ndoa miaka arobaini na mmoja, na Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watano.

Mwaka wa 2014 serikali na wazee walileta habari ya hifadhi ya jamii. Palikuwa na mkutano penye kisima cha mashine. Afisa wa wanyamapori akasema kuanzia siku hiyo hakuna kuwinda kabisa, hata digidigi. Marehemu akasimama.

"Bwana afisa, wewe umekuja na gari na utarudi na gari. Swala huyu nimemlinda mimi kabla hujazaliwa."

"Umemlinda kwa kumla, mzee?"

"Ndiyo! Nakula dume, naacha jike. Wewe unatuandikia sheria. Majike wako wapi leo? Tuonyeshe kwa kidole."

Watu walicheka. Kwa miezi marehemu aliwaambia watu kwamba sheria ya karatasi ni ya kumfunga mwenye njaa na kumwachia mwenye bunduki. Kilichombadilisha ni vijana waliokuja kwa pikipiki na tochi kali, wakaua dume, jike na ndama, wakapakia nyama, wakaenda zao. Aliporudi kutoka kuyaona mabaki yale alimwambia mama Ardo, "Bora hiyo karatasi." Tarehe 3 Machi 2015 alitia sahihi kwa hati yake nzuri, akawa mjumbe wa kamati ya hifadhi. Yeye ndiye aliyehesabu twiga wa hifadhi kila mwaka, na mwaka wa kwanza alihesabu sitini na mmoja. Kulikuwa na jike mwenye sikio lililochanika, asiyeogopa watu. Marehemu alimwita Habaryar, yaani mama mdogo. Alikuwa akimsalimia kwa sauti. Sisi watoto tulimcheka.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa Oktoba 2022 mvua ilikuwa imekosekana kwa misimu minne. Ngamia wa marehemu walikuwa wamebaki watatu. Tungependa kuandika kwamba alichofanya kilitokana na njaa, ili muishie hapo na mmwonee huruma. Njaa ilikuwapo. Lakini marehemu alisema msiandike njaa peke yake. Kulikuwa na mtu mjini aliyenunua nyama kavu bila kuuliza. Na kulikuwa na hasira, kwamba amekuwa akihesabu twiga wanaoshiba majani ya juu huku mbuzi wake wanakufa chini ya miti ileile.

Alichukua waya wa chuma uliokuwa umetupwa uani kwa mashine ya kisima, ule wa kuning'inizia pampu. Akaufunga juu, kati ya migunga miwili, kwenye njia ya maji. Jumapili tarehe 16 alimkuta Habaryar amenaswa, bado hai. Alimwelekeza kibla, akasema bismillahi, akakata mara moja. Alipompasua alikuta ndama tumboni, karibu kuzaliwa. Kwa siku moja alivunja masharti yake mawili ya miaka arobaini, akashika lile la tatu.

Nyama nyingine ililiwa katika nyumba yetu na nyumba za jirani. Tuliambiwa ni ngamia aliyechinjwa akiwa taabani. Hakuna aliyeuliza ni ngamia gani, ingawa watatu waliobaki walikuwa wamesimama pale nje. Nyama nyingi zaidi ilikaushwa, ikafichwa chini ya magunia ya makaa kwenye gari la Probox na kupelekwa mjini. Abdisamad, anayewasomea karatasi hii, ndiye aliyeendesha.

Maskauti wa hifadhi walipoyapata mabaki, kamati yote iliitwa, marehemu akiwemo. Waya ulikuwa bado kwenye mti. Kila mtu aliujua, na kila mtu akamgeukia fundi wa mashine ya kisima, Bwana Musembi, mtu wa Mwingi, aliyekuwa amekaa nasi miaka sita. Huyu ndiye aliyekuwa akimfungulia marehemu maji kabla ya foleni wakati ngamia wake wamedhoofika. Walikunywa chai pamoja kila alasiri, na marehemu alimwambia kwamba kama angekuwa Msomali angemwoza binti. Musembi alikuwa akijibu, "Mzee, nipe binti, usomali nitajifunza polepole."

Afisa wa wanyamapori aliuliza ni nani alionekana upande ule. Marehemu akasema, "Nilimwona Musembi Jumamosi jioni."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Musembi alipita kule Jumamosi jioni, kwa sababu marehemu mwenyewe alimwomba amsaidie kumtafuta mbuzi aliyepotea. Sehemu hiyo hakuisema.

Kuna jambo lingine, na hili marehemu aliagiza lisomwe polepole. Kichwa cha twiga kilikuwa kimeelekezwa kibla. Shingo ilikuwa imekatwa mara moja, juu, chini ya taya. Bwana Musembi ni Mkristo na hajawahi kuchinja hata kuku mbele yetu, maana tusingemla. Wazee waliokuwa pale waliona. Waliijua hata hati ya kisu. Walitazamana, kisha wakatazama chini. Marehemu hakusema jina la mzee yeyote, na sisi hatutasema.

Bwana Musembi alikaa rumande miezi minane. Kazi yake alipewa mtu mwingine. Mwezi wa Machi 2023 mama yake alifariki Mwingi, akazikwa bila yeye. Marehemu aliitwa mara tatu kutoa ushahidi na mara tatu alisema anaumwa. Mwezi wa Juni kesi ikatupwa kwa kukosa shahidi. Marehemu alijiambia kwamba kwa kutokwenda alikuwa amemwokoa. Alijiambia hivyo karibu mwaka mzima. Alijiuzulu kamati, akaacha kuhesabu twiga, akaacha kunywa chai penye kisima. Tulidhani ni uzee.

Mwezi wa Februari 2025 chakula kilianza kumkwama. Alipimwa Garissa, kisha Nairobi, na madaktari wakasema ni saratani ya umio. Alirudishwa nyumbani mwezi wa Agosti. Sauti yake ilikuwa inakwisha, na hapo ndipo alipomwita mama Ardo na watoto wote akatueleza, siku tatu mfululizo, kidogo kidogo. Mama Ardo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua haikuwa ngamia. Nilipika."

Mwezi wa Oktoba Abdisamad aliipata namba ya Bwana Musembi, akampigia, akamweleza yote.

"Mpe simu mwenyewe," Musembi akasema.

Marehemu alishika simu kwa mikono miwili akajitahidi. Ulitoka mnong'ono tu, na Abdisamad akairudisha simu sikioni kwake.

"Simsikii."

"Hana sauti, kaka," Abdisamad akasema. "Ugonjwa umeichukua."

"Siku ile alikuwa nayo," akasema Musembi, na akakata simu.

Marehemu aliuliza kwa ishara amesema nini. Abdisamad akamwambia neno kwa neno. Marehemu akatikisa kichwa kukubali, akageukia ukutani. Kuanzia hapo aliagiza jambo moja tu: kwamba kabla hajaswaliwa, watu wasikie.

Alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, muda mfupi kabla ya magharibi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama Ardo. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Jioni hiyo Sheikh Hamse alikuja kutupa pole, akaomba kuiona karatasi hii, kabla hatujaongeza maneno haya ya mwisho. Alipoisoma hakuipenda.

"Mwenyezi Mungu alimsitiri," akatuambia. "Kwa nini ninyi mnamvua nguo? Ya marehemu tunataja mazuri."

Mama Ardo alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Sheikh, ukisimama mbele ya jeneza utauliza kama kuna mtu mwenye haki yake kwa marehemu. Sivyo?"

"Ndivyo, hooyo, mama yetu."

"Kosa lake kwa Mungu, Mungu atamsitiri. Lakini haki ya Musembi, Mungu ataisamehe bila Musembi?"

Sheikh aliitazama tena karatasi. "Hapana," akasema. "Hiyo anayo mwenyewe."

"Basi swali lako utamwuliza nani, sisi tuliokula?"

Sheikh alikunja karatasi akamrudishia Abdisamad. Alisema isomwe, na isomwe kwa Kiswahili, ili mwenyewe akija aelewe.

Tulikuwa tumemtumia Bwana Musembi ujumbe wa msiba. Alijibu baada ya isha. Tunaunakili kama ulivyo: "Nimepata. Nitatoka Mwingi alfajiri. Nakuja kuzika. Mengine nitasema nikifika."

Marehemu ameacha mjane, Ardo Mowlid. Watoto Kaaha wa Garissa, Abdisamad, Sahra aliye Banissa, Weris na Iftin. Wajukuu kumi na wawili. Na dada yake Muslimo Bare. Pia ameacha hifadhi ya Laga Hidig, ambayo hesabu yake ya mwisho ina twiga thelathini na nane. Familia imeiandikia ofisi ya wanyamapori barua ya kueleza ni nani aliyetega waya ule na ni nani aliyebeba nyama. Abdisamad ataipeleka mwenyewe Jumatatu, na litakalompata limpate.

Bwana Musembi, kwa kawaida swali hili huulizwa watu wote. Leo unaulizwa wewe kwanza. Marehemu alikutolea ushahidi wa kweli uliokuwa uongo, ukakosa kazi na ukakosa kaburi la mama yako. Hatuna cha kukurudishia, na hatukuombi useme umesamehe kwa sababu umesimama mbele ya jeneza na watu wanakutazama. Ukisema, tutasikia. Ukinyamaza, tutamzika hivyo hivyo, na wewe ukitaka kushika sepetu, iliyo ya kwanza ni yako. Watoto wake watakuja Mwingi kukuuliza tena, na wakiruhusiwa watasimama penye kaburi la mama yako.

Mwenyezi Mungu amjalie mzee wetu Nunow usingizi wa amani, kwa kadiri haki yako itakavyomruhusu kulala.