Mahali pa Mzazi: Safari ya Marehemu Josephat Munyoki Ndeti

Mchungaji, shemeji yetu Wayua, majirani wa Kaloleni mliojaa ukumbi huu hadi mlangoni, kabla gari halijatupeleka Kangundo familia inaomba subira yenu tumsimulie ndugu yetu, na atakayecheka acheke, kwani marehemu hakupenda matanga ya kununa.

Josephat Munyoki Ndeti alizaliwa tarehe 3 Mei 1926 huko Kangundo, mtoto wa tatu wa mzee Ndeti na mama Kavutha, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaja Nairobi mwaka 1947, akajifunza udereva, na kuanzia 1958 akamwendesha wakili mmoja wa mjini, ambaye ndani ya gari alipenda kujisemea Kilatini, naye dereva wake hakuacha neno lianguke chini.

Mwezi Agosti 1955 alifunga ndoa na Wayua kanisani hapa Kaloleni. Hapa ndipo husomwa majina ya watoto, na tusifichane, wazee wawili wa ukoo walitaka isomwe kwamba marehemu hakuacha mtoto, shemeji akasema waziwazi kwamba karatasi yenye maneno hayo haitasomwa mbele ya mume wake, akalia sana, nasi tukaomba muda wa kufikiri.

Tulichokumbuka ni hiki. Januari 1976 jirani yao wa ukuta mmoja, Mama Nabiswa, mjane kutoka Bungoma, aliaga dunia, akamwacha binti yake Asenath akiingia darasa la saba, mwaka wa mtihani, na shule ikataka kila mtoto aje na mzazi, la sivyo arudishwe kwao. Josephat akavaa tai, akamshika mtoto mkono, akamwambia mwalimu mkuu, Bwana Makokha, kwamba yeye yuko in loco parentis. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, akamweleza kwamba Kilatini hicho maana yake ni mahali pa mzazi, na kwamba Waingereza walikipata kwa wanasheria wao wa zamani, waliosema baba anapompeleka mtoto shuleni humkabidhi mwalimu sehemu ya mamlaka yake, kwa hiyo anayesimama mahali pa mzazi ni mwalimu, si dereva. Kisha akamtazama Asenath, maana mamlaka hukabidhiwa na mwenye nayo, na mtoto huyu hakuwa na wa kumkabidhi.

"Basi nikabidhi wewe, Mzee Munyoki," akasema mwalimu, na Josephat akamkabidhi palepale, jioni Wayua akatandika kitanda cha pili, na Asenath hakuondoka tena hadi alipokuwa mwalimu.

Tangu hapo tai ile haikupumzika, kwani kila mtoto wa mtaa aliyefukuzwa shule alibisha mlango ule, wakiwamo wenye baba zao hai ila wakali, hata walimu walipomwona langoni waliuliza leo ameleta wa nani.

Mwaka 1985 alipatwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara kadhaa, na saa ya kuona wagonjwa vijana wa kila kabila walifika wakisema wamekuja kumwona baba, mpaka muuguzi akamuuliza kwa upole ana wake wangapi, naye akacheka hadi akakohoa. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 8 Septemba 1987, Wayua na Asenath wakiwa kando yake.

Wazee wameridhika, na familia inatangaza kwamba leo kaburini, baada ya mjane, udongo utatiwa na Asenath Nabiswa, kifungua mimba wa nyumba hii, kisha wadogo zake, ambao tukiwasoma majina wote hatutafika Kangundo kabla ya giza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, madereva wenzake, wakili wake, na Mwalimu Makokha, aliyekubali kukabidhiwa.

Mama Asenath, pole sana. Baba Asenath, pumzika kwa amani.