Bruchi ya Mama Kwenye Maji Moto

Greer: Haloo? Ni nani?

Ishbel: Nani tena? Dada yako.

Greer: Ishbel! Za huko Montrose? Ngoja nijibanze ukutani, huku kisiwani Stornoway leo upepo unav—

Ishbel: Mama kalala, ataamka sasa hivi. Greer, nimeiharibu bruchi.

Greer: Bruchi ipi?

Ishbel: We naye! Ya bibi. Ile pini ya kifuani ya fedha, yenye mawe ya akiki. Mama kaimwagia uji, nikaitumbukiza kwenye maji moto na sabuni—

Greer: Maji moto? Dada! Yale mawe yameshikwa na lakiri, ile nta inayoyeyuka kwa moto! Bibi alikuwa anaifuta na kitambaa kikavu tu.

Ishbel: Sasa ndo najua. Yote saba yako kwenye bakuli, yameng'oka kama meno.

Greer: Si umpelekee sonara?

Ishbel: Na Mama je? Akiamka tu, mkono kifuani. Anayataja mawe kwa rangi, moja moja, akimaliza ndo anatulia. Juzi nilichelewa kumvika, kalia mpaka jioni. Na yamekatwa sawasawa, sijui lipi linakaa wapi.

Greer: Angalia picha.

Ishbel: Kwenye picha zote Mama kajifunika shali, haionekani. Greer, lakiri bado laini. Ikiganda nimekwisha.

Greer: Haya, haya. Anzia juu. Jekundu, lile kama ini.

Ishbel: Lipo.

Greer: Halafu la kijivu lenye mistari. La kijani. Jeupe. La rangi ya chai... haloo?

Ishbel: Unakatika! Baada ya chai?

Greer: Jeusi. La bluu linakaa katikati. Nilikuwa nayahesabu kanisani, mchungaji akizidi kuhubiri.

Ishbel: Mapajani kwa Mama.

Greer: Eh. Mapajani.

Ishbel: Mi nilikaa upande wa Baba. Nilikuwa naona bega lake tu.

Greer: Ijumaa nakuja, dada.

Ishbel: Ulisema hivyo Pasaka.

Greer: Feri zilisimama!

Ishbel: Najua. Feri. Ngoja— kaamka. Hii hapa, Mama. Usiibonyeze sana. Taratibu.

Greer: Anasemaje?

Ishbel: Shh. Jekundu... kijivu... mpaka la bluu. Kamaliza.

Greer: Katulia?

Ishbel: Katulia. Kasema, "Asante, Greer."

Greer: Kumbe kanisikia! Mpe simu basi, mpe—

Ishbel: Hajakusikia. Mimi ndo ananiita hivyo. Tangu mwezi wa pili.

Greer: Mbona hukuniambia? Na wewe... humwambii kwamba—

Ishbel: Mwanzoni nilikuwa namwambia. Analia. Nimechoka kumliza.

Greer: Dada, nisikilize, Ijumaa hii, feri iwepo isiwepo—

Ishbel: Simu inazima, Greer. Na chai yake bado sijaweka.

Greer: Usikate! Ishbel!

Ishbel: Abee, Mama! Ndiyo, ni mimi Greer. Nakuja.