Pima Tatu za Ukili

Jamani, kijiwe chetu hapa stendi Kibiti kina wabishi, na mimi ni mmojawapo. Siku hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, mabasi yamezidi, hata kahawa hunywi kwa raha: honi huku, honi kule. Jumanne ile Mwanajuma akatujia mbio, mkononi ana ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Marehemu mama yake alikuwa akiusuka kwa ajili ya harusi ya mjukuu, Ijumaa ya wiki ile, akafariki zimebaki pima tatu. Msusi aliyebaki ni mama mdogo Fatu, yuko Nyamwage, ng'ambo ya mto. Basi la huko lilikuwa linaunguruma, na ujumbe ungebebwa na konda Haruna, kichwani, maana Fatu hajui kusoma.

— Si umpe ukili wenyewe? — alisema Mshamu, tunayemwita Hakimu.

— Ukipotea kwenye pantoni je? Nimzike mama mara ya pili?

— Maneno machache yanatosha, — akadakia Ridhiwani. Huyu tunamwita Kompyuta, tangu aione moja ofisini Dar. — Mashine ile unaiambia mstari mmoja, inakutolea karatasi chumba kizima! Haruna, shika: nyekundu mbili, nyeupe moja, rudia. Mkeka hata ufike Lindi, maneno ni yale yale.

— Nimeshika.

— Delta yote naimaliza hivyo, — Kompyuta akajigamba. — Mto, mkoko, rudia!

— Na mbu umewaweka wapi? — Hakimu akauliza.

Mwanajuma hakucheka. Akaukunjua ukili hadi mwisho.

— Na huku?

Nyekundu tatu. Nyeupe moja. Nyekundu. Nyeupe tano. Kompyuta akahesabu, akarudia, jasho likamtoka.

— Huku hakuna kanuni. Itabidi kutaja ukindu mmoja mmoja.

— Kichwa changu si gunia! — Haruna akapiga bodi la basi. — Dakika mbili, tunaondoka!

— Labda ni umri wa wajukuu, — alisema Kompyuta.

— Ni siku pantoni ilizoharibika, — alisema Hakimu.

Nami, nisipitwe, nikasema ni idadi ya mbu. Aibu tupu, wallahi.

— Basi ni makosa, — Hakimu akakata shauri. — Fatu asuke safi, yaishe.

Mwanajuma akamgeukia.

— Makosa? Macho ya mama yalikuwa yameshazimika, kaka Mshamu. Alisuka kwa vidole tu, na sisi hatukujua. Sitaki mtu akae kwenye mkeka ule aseme, hapa ndipo alipoishia.

Dereva akapiga honi. Kompyuta akaanza tena kuhesabu. Abiria mmoja, mama mgeni mwenye kikapu, akachungulia dirishani.

— Samahanini. Kwani huyo mama mdogo hawezi kufumba macho?

Kompyuta akaacha kuhesabu. Watu wazima wote wale, na mgeni ndiye kalijua. Mwanajuma akajifunika uso kwa kanga, analia.

— Mama Fatu, pima tatu, nyekundu na nyeupe, fumba macho, usuke, — Haruna akasema taratibu, akidandia mlango. — Hayo hayanipotei.