Mzee Mulei na Darasa la Agosti Nyuma ya Stoo

Tarehe 31 Desemba 1959, Mzee Mulei wa Nzomo, dresa mkuu wa hospitali yetu hapa Thika, atavua koti jeupe baada ya kufunga vidonda kwa miaka thelathini na mmoja na miezi kumi. Alianza kazi Machi 1928, kijana mwembamba kutoka upande wa Yatta. Sasa ni mzee mwembamba. Hakuna kingine kilichobadilika ila baiskeli, ambayo ni ya tatu.

Wakata mkonge, wachuma kahawa na vibarua wa viwandani wamepita mikononi mwake wakilia, wakatoka wakicheka. Siri yake ni kumwuliza mgonjwa majina ya watoto wake, mmoja mmoja, wakati anapobandua bandeji iliyoganda. Mwenye watoto tisa hana habari bandeji ilitoka saa ngapi. Sisi wenye wawili huumia kidogo.

Lakini sifa yake kubwa ni Darasa la Agosti. Mwaka 1951 aliona kwamba shule zikifungwa, watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi, na wa Kiganjo hushinda uani kwetu wakirukia vyuma vikuukuu, kisha huletwa kwake na miguu iliyochanika. Akaona heri kuwafundisha kuliko kuwashona. Hospitali ikakubali kutoa uji wa saa nne na kona ya veranda ya wodi ya wanaume. Chaki aliitengeneza mwenyewe kwa plasta ya kufungia mifupa, aliyokuja kuiomba stoo kwangu kwa unyenyekevu mwingi na bila karatasi yoyote. Walianza watoto saba. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa tatu walikuwa sitini na wawili.

Kila Jumatano alifunga ubao mdogo nyuma ya baiskeli, akaenda Ruiru kuwafundisha wa huko baada ya kliniki. Wakati wa Hali ya Hatari, askari wa kizuizi cha barabarani alimsimamisha kwa nusu saa nzima. Pasi yake ilikuwa sawa. Ila ubaoni kulibaki hesabu ya kugawanya, na askari alitaka aelezwe imepatikanaje.

Kosa moja tu tunalikumbuka, la Agosti 1954. Mzee alifundisha hesabu kwa kadi kuukuu za homa, zile zinazotundikwa miguuni pa kitanda. Watoto walibuni joto la mgonjwa, wakaliandika na kuchora mstari. Ijumaa moja alichanganya mafungu mawili, akatundika kadi za watoto vitandani. Daktari Mkuu alipopita alimkuta Boaz, mkata mkonge aliyevunjika mguu, akiwa na joto la digrii mia moja na ishirini na mapigo ya moyo sifuri. Boaz alikuwa anamalizia uji. Alipoelezwa kadi yake inasema nini, akajibu, "Kama mimi nimekufa, daktari, basi ongeza mimi uji kidogo, safari ni mrefu."

Wodi nzima ilicheka. Daktari hakucheka, na siku ile darasa lilikuwa karibu kufa kabla ya Boaz. Mzee Mulei hakumsingizia mtoto hata mmoja. Alisema kosa ni lake, kisha akawapima upya wagonjwa wote ishirini na wanne, peke yake, kabla ya chakula cha mchana. Kwa ajili hiyo darasa halikufungwa. Lilihamishwa tu, likapewa nusu ya stoo yangu.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Tangu hapo, kila Agosti nimegawa bandeji na mafuta ya nyonyo huku jedwali la saba likiimbwa nyuma ya ukuta wa mbao. Niliteta. Niligonga ukuta. Julai mwaka huu, ilipotangazwa kwamba Mzee anastaafu, niliandika barua kuomba chumba changu kirudi. Ofisi ikajibu kwamba asipopatikana mtu wa kumrithi, darasa litafungwa na chumba ni changu. Hakujitokeza mtu. Mzee alijua barua ni ya nani. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi na kuulizia hali ya wanangu wawili, jambo lililonikera zaidi.

Siku ya mwisho ya darasa, watoto walipokwisha kwenda, alikuja dirishani kwangu na ufunguo pamoja na vibao ishirini vya kuandikia, vyote vimeoshwa. Akaviweka mezani, akanishukuru kwa plasta ya miaka yote ile, akapanda baiskeli yake. Nikaingia katika chumba nilichokitaka sana. Kilifaa kabisa kwa masanduku. Nilijaribu kufurahi nikashindwa, nikaona aibu, na leo naikiri mbele yenu nyote.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kesho yake niliiondoa barua yangu, nikapeleka nyingine: stoo haihitaji chumba, na Agosti ijayo hesabu itafundishwa na karani wa stoo. Syokau wa chumba cha kufulia akasema atafundisha kusoma, kwa sharti mimi nisiimbe. Mzee alipoletewa habari hizo alivua miwani, akaifuta kwa bandeji mpya, mali ya stoo. Sikuiandika daftarini.

Mzee Mulei, wafanyakazi wenzako, wagonjwa uliowafunga na wazazi wa watoto uliowafundisha wanasema asante, na asante haitoshi. Nenda Yatta kwa mkeo, mama Ndunge, mkae kwa afya na amani, mle jasho lenu bila haraka, Mungu awazidishie miaka. Wala usiwe na wasiwasi juu yetu. Jumatatu, tarehe mosi Agosti 1960, saa tatu asubuhi, mlango utakuwa wazi, na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya ubao, nikiogopa.

Dalmas Ochola,
Karani wa Stoo